Baba Rubani na Mteja wa Tunu

Nyuma ya soko la Majengo, mahali malori ya mtama yanaposhusha mizigo na vumbi halilali hata sikukuu, kuna benchi ambalo hakuna seremala aliyelichonga. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mizani mbili za kupimia magunia. Mizani moja imekufa kabisa. Ya pili haijakubali kufa, kwa hiyo mtu akikaa upande ule mshale unashtuka na kupanda, na wenzake hawakosi la kusema. Zote mbili ni za Shaibu, fundi mizani, ambaye kibanda chake kinatazamana na benchi. Kahawa ni ya mzee Abdulswamadu. Huyu, serikali ilipohamia Dodoma, alikwenda kuuza kahawa kwenye geti la wizara fulani, kisha akarudi Majengo na cheo alichojipandisha mwenyewe: Katibu Mkuu. Kahawa yake chungu, kashata zake ngumu, na maneno ya wateja wake hayana kipimo, ingawa wamekalia mizani.

Majina ya utani ya pale hayakuokotwa njiani. Yametoka Tunu, kampuni ndogo ya pale mtaa wa One Way inayowasaidia wazazi kuweka akiba ya chuo, kidogo kidogo, tangu mtoto akiwa darasa la kwanza. Meneja wake, Violeth Mazengo, ana utaratibu ambao mwanzoni watu walidhani ni mchezo. Siku ya kujiunga hamwulizi mzazi chochote mpaka kwanza amwulize mtoto. Anachuchumaa mbele yake, anamtazama usoni, anasema: "Wewe unataka kuwa nani?" Jibu la mtoto ndilo linalokuwa jina la mzazi, ofisini hadi barabarani. Ndiyo maana Nikodemo, muuza mtama kutoka Hombolo, anaitwa Baba Jaji. Marko, dereva wa bajaji, ni Baba Refa, kwa sababu binti yake alisema anataka kazi yenye filimbi. Na Shaibu, kwa ajili ya mwanawe Swalihu, ni Baba Rubani.

Shaibu alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini, na ndege ikishuka hupita chini juu ya mabati ya Majengo. Kila ilipopita, Shaibu alikatisha sentensi, akainua kichwa, akaisindikiza kwa macho mpaka ipotee, halafu akaendelea pale alipoishia. Wenzake walikuwa wamezoea kumsubiri. Ila tangu Swalihu aondoke nyumbani, alikuwa akiinua kichwa na kusahau kukishusha.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka Tunu amefura. Akajitupa upande wa mizani iliyo hai, mshale ukaruka.

— Oya, Baba Rubani kaongezeka! Marko akasema. Kumbe hasira nayo ina kilo.

— Niache, Marko.

— Katibu, mpe kahawa huyu kabla hajapindua nchi.

Katibu akamimina. Shaibu akashika kikombe asinywe.

— Sikilizeni, akasema. Nafasi ya chuo cha urubani imepatikana. Hela ya kuanzia ipo Tunu, nimeiweka tangu mtoto hajui kufunga kamba za viatu. Leo naenda kuwaambia lipeni, nafasi isije ikapotea mwisho wa mwezi. Violeth ananiambia nini? Hapana. Mpaka Swalihu aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake.

— Si umwite aje? Nikodemo akasema.

Akajuta hapohapo. Benchi zima lilijua kwamba Swalihu hapokei simu za baba yake. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, kijana alisema hataki chuo hicho. Baba akafoka, kijana akanyamaza, na kulipokucha chumba kilikuwa kitupu. Walisikia baadaye kwamba yuko Kolo, kule Kondoa. Mama yake, Salha, huongea naye kwenye simu huko uani, na Shaibu kwa kiburi chake hajawahi kumwuliza mkewe wameongea nini. Hutega sikio tu akiwa sebuleni, akijifanya anasikiliza taarifa ya habari.

— Basi akasemaje huyo Violeth? Katibu akauliza, kumwokoa Nikodemo.

— Nikamwambia, mama, mteja ni mimi. Kampuni yenu kila siku mteja kwanza, mteja kwanza, mteja si ndiye huyu hapa? Akaniambia, kwa upole mpaka unakereka: "Mteja wa Tunu ni yule atakayeamka asubuhi kwenda darasani. Wewe, Baba Rubani, tunakuheshimu sana. Wewe ni mlezi wa mteja."

— Eh! Katibu akashika kiuno. Mlezi!

— Mlezi! Ninayekamuliwa kila mwezi ni mimi.

— Hapo nakuunga mkono, Marko akasema. Kwenye bajaji yangu, mteja ni anayelipa. Full stop.

— Na ukimpeleka mtoto shule, nauli katoa mama yake, Nikodemo akamwuliza taratibu, unamshusha wapi? Kwa mama au shuleni?

Marko akachukua kashata.

— Hayo maswali ya majaji mimi siyawezi.

Wakati huo binti mmoja alisogea akiwa na fulana ya kijani ya Tunu na viatu vilivyokwisha kula vumbi la siku nyingi. Akapiga goti kidogo.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Umepotea? Katibu akamwuliza.

— Hapana, babu. Naitwa Emiliana. Nimeajiriwa Tunu juzijuzi. Kwetu mgeni hapewi meza mpaka kwanza akae vijiweni na wateja. Kila siku kijiwe kimoja. Leo nimepangiwa hapa.

— Kupeleleza! Marko akasema.

— Kusikiliza, baba. Hatuna ruhusa ya kuelezea huduma wala kujibu kitu. Meneja anasema ukiwa mgeni majibu yako bado ni ya kitabuni. Nina swali moja tu. Moja kwa siku, halafu naondoka.

— Moja tu? Marko akauliza.

Emiliana akatikisa kichwa kukubali, midomo kaibana. Wakamsogezea nafasi, akakaa katikati, ambako mshale haufiki. Shaibu akamgeuzia bega. Hakuwa na hamu na mtu yeyote wa fulana ya kijani siku hiyo.

Marko alitaka kumfanya binti apoteze swali lake, kwa hiyo akaanza uchokozi.

— Mimi siri ya Violeth naijua. Kampuni ngapi za akiba zimefunguliwa mji huu zikafa? Hii haifi. Kwa nini? Ana kifaa sikioni. Wiki ile mke wangu alipolazwa, kabla hata ndugu hawajajua, simu ya Tunu hiyo: "Baba Refa, mama yetu anaendeleaje?" Nani kamwambia?

— Wewe ndiye ulimwambia kila abiria uliyempakia, Nikodemo akasema.

— Hiyo siyo sababu.

— Mwacheni mwenye uzoefu aongee, Katibu akaingia, birika mkononi. Mimi nimekaa getini wizarani, uongozi naujua kwa harufu. Uongozi ni kiti. Mmeviona viti vya wafanyakazi wa Tunu? Vigumu hivyo! Havina hata kitambaa. Mtu akikaa kidogo tu anaumia, anasimama, anakwenda kumtembelea mteja. Violeth kavinunua makusudi. Kule wizarani viti vilikuwa laini, ukiingia ofisini unakuta koti tu limekaa.

— Hiyo chai, Marko akasema.

— Ni kahawa, tena hujalipa.

Hata Shaibu alicheka kidogo, bila kupenda. Nikodemo hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe.

— Mimi niwaambie nilichokiona kwa macho, akasema. Mwaka ule jua lilipokausha mtama wote Hombolo, sikupeleka kitu Tunu. Nikawa nazunguka mtaa nisipite pale ofisini, kama mwizi. Siku moja namwona Violeth shambani kwangu. Kaja mwenyewe. Kasimama katikati ya mabua yaliyokauka, akaokota bua moja akalivunja. Kisha akaniambia, "Baba Jaji, jaji bado ni jaji hata mvua ikigoma. Pumzika, tutaanza tena ukivuna." Nililia, ndugu zangu. Leo mwanangu Zipora yuko mwaka wa pili wa sheria.

Katibu akamwongezea kahawa bila kumdai.

— Sasa hapo ndipo utajua kuna kitu, Marko akarudi, maana huzuni humwasha. Alijuaje mabua yamekauka? Ni yule paka.

— Paka gani tena? Katibu akauliza.

— Paka wa Tunu! Mweupe, anakaa dirishani. Mchana yuko ofisini. Usiku analala kwa nani? Mwaona? Hakuna anayejua. Anazunguka majumbani huyo.

— Mpaka Hombolo? Kwa miguu? Nikodemo akauliza.

— Nimewahi kupakia paka mimi!

Emiliana aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Alikuwa karibu kuuliza, Marko akamnyooshea kidole, naye akajizuia.

Ndege ikapita. Shaibu akainua kichwa. Wote wakasubiri. Ilikwisha kutua, mlio umekatika, na yeye bado anaangalia mahali ilipokuwa.

— Atarudi, Baba Rubani, Nikodemo akasema.

— Nyumba imekuwa ngeni, Shaibu akasema, macho bado juu. Naingia jioni, kila kitu kipo mahali pake, lakini najiona kama nimekosea mlango. Salha anafagia, anapika, tunakula. Kuna kitu hakipo. Siyo sauti, maana yule hakuwa msemaji. Hewa yenyewe, sijui niseme vipi. Namkumbuka mwanangu mpaka nafsi inauma.

Shaibu hakuwa mtu wa kusema hivyo. Marko alitazama chini, akatafuta la kumchangamsha rafiki yake, na kama kawaida akachukua lililo karibu.

— Mimi najua anachofanya Kolo. Anachimba mali iliyofukiwa na Mjerumani. Pale kwenye mapango ya michoro, zile alama si wanyama, ni ramani! Mtoto ana akili, kasoma jiografia. Atarudi na dhahabu akununulie ndege nzima.

— Michoro ile ni ya kale, hata Mjerumani hajazaliwa, Nikodemo akasema.

— Basi Mjerumani aliikuta akaificha mali hapo hapo. Si ndiyo?

— Mnahangaika bure, Katibu akasema kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku. Kijana ni mtu wa Usalama wa Taifa. Kapelekwa. Hampokelei simu baba yake kwa nini? Kiapo.

— Mpwa wangu alimwona Kolo, Nikodemo akasema. Anashuka kilimani na wafugaji, gunia begani. Kamsalimia vizuri. Anasema gunia lenyewe lilionekana jepesi, tena linanukia.

— Dhahabu haiwezi kuwa nyepesi, Marko akakiri kwa masikitiko.

Shaibu akaweka kikombe chini. Maneno yalikuwa yamemjaa.

— Mtoto aliyetaka mwenyewe! akasema. Hilo ndilo linaloniumiza. Sikumlazimisha. Mlikuwepo, Marko ulikuwepo. Siku ile ya kujiunga, marehemu mama yangu alifunga meza yake ya manukato hapo sokoni, akaja na sisi, Mungu amrehemu Bi Stara, na kikapu chake mkononi. Swalihu kamshika nguo. Violeth akachuchumaa: "Wewe unataka kuwa nani?" Mtoto hakusita. "Ubani!" Yaani r haijamkaa ulimini, "ubani, ubani", ofisi nzima ikapiga makofi. Violeth akamwambia sema rubani, akasema ubani. Nikamwambia mimi, sema rrrubani, akaniangalia, mwisho akasema. Nikambeba mabegani mpaka nyumbani.

— Nakumbuka, Marko akasema. Tulikunywa soda. Na kesho yake yuko pale mezani kwa bibi yake kama kawaida, anaita wateja. Mtoto alikuwa na sauti yule! Inafika mpaka kwenye mabucha.

— Angekuwa rubani mzuri, Katibu akasema. Wanatangaza kwenye spika.

Emiliana akainua mkono taratibu, kama yuko darasani.

— Baba Rubani, samahani. Naomba kulitumia swali langu.

Marko akapiga paja. Hatimaye! Shaibu hakugeuka.

— Uliza, uende.

— Pale mezani kwa bibi, akiwaita wateja, neno "karibu" alikuwa akilitamkaje?

Marko akacheka, akavuta pumzi ajibu. Kicheko kikamkwamia. Akamtazama Nikodemo. Nikodemo akamtazama Katibu. Katibu alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe na kahawa haitoki, mkono umesahau kazi yake.

Maana wote walikuwa wakiisikia. Asubuhi zote zile, mtoto wa miaka sita kasimama juu ya kigoda kando ya Bi Stara, kati ya udi na karafuu na vipande vya ubani vyenye rangi ya asali, anapiga kelele soko zima lisikie: karrribu! Karrribuni! Alikuwa akiikokota ile r mpaka wanawake wa mchicha wanamwiga. Hakuna mtoto Majengo aliyekuwa na r ya namna ile.

Mshale wa mizani ulikuwa umetulia kabisa.

Taratibu kikamrudia Shaibu kile kilichokosekana nyumbani. Baada ya Bi Stara kufa na meza yake kuchukuliwa na muuza makava ya simu, kulikuwa na mtu aliyeendelea kufukiza nyumba kila Alhamisi jioni. Hakuombwa. Alikuwa akichukua chetezo cha bibi yake, anatia kaa la moto, anazunguka chumba kwa chumba kimyakimya, na Shaibu akipita kwenye ule moshi na kumwambia atoke, akasome fizikia. Siku ile Tunu mtoto aliulizwa swali moja, akalijibu sawasawa, tena na tena, na watu wazima wakamsahihisha.

— Alisema ubani, Shaibu akasema. Ubani wa bibi yake.

Emiliana alisimama. Swali lake lilikwisha, na kwa utaratibu wa kwao hakuwa na ruhusa ya kuongeza neno. Alisita, akapiga goti tena, akaondoka kuelekea One Way.

— Katibu, nipe simu yako, Shaibu akasema.

— Salio dogo, lakini...

— Nipe, mzee wangu. Yangu hapokei.

Namba aliijua kwa kichwa. Vidole vinavyorekebisha springi ndogo za mizani vilikosea, akafuta, akabonyeza upya. Marko aliacha kutafuna. Simu ikaita. Ikaita tena. Shaibu alitaka kukata, maana hakuwa amefikiri atasema nini. Aombe radhi? Amwulize chuo? Aseme njoo nyumbani? Kila neno lilikuwa la baba, na la baba lilishasemwa sana.

Simu ikapokelewa. Huko kulikuwa na upepo na kengele za mbuzi, kisha sauti, nzito kuliko alivyoikumbuka, changamfu, ya mtu anayedhani namba ngeni ni biashara.

— Karrribu! Karibu mteja!

Benchi zima lilisikia. Nikodemo alivua kofia.

Shaibu alifungua mdomo, na hapohapo ndege ikatokea upande wa mtaa wa Kikuyu, chini kabisa, ikifunika soko kwa mlio. Marko, Nikodemo na Katibu wakainua vichwa kwa mazoea. Shaibu hakuinua. Aliinama, akaziba sikio moja kwa kiganja, akaibana simu kwenye la pili, akapaza sauti ili isimezwe.

— Ubani upo?

Ndege ikapita. Upepo wa Kolo ukaendelea kuvuma ndani ya simu, na kengele za mbuzi. Shaibu aliondoa kiganja sikioni.

— Upo, Baba, Swalihu akasema. Upo.